Passau kwa meli ya mtoni: mji wa mito mitatu na mambo ambayo wakala hakwambii

Mzee wa Gati (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila likizo ikikaribia humu jukwaani yanaibuka maswali kuhusu meli za kitalii za mto Donau (Danube), hasa kutoka kwa wenye wazazi wanaokuja kutembea Ulaya. Mwaka huu nilimpeleka Mama. Ni mwalimu mstaafu, kichwa chake bado moto lakini magoti hayataki tena kuzunguka mjini kutwa nzima. Tulipandia Passau, kusini-mashariki mwa Ujerumani, pale pale mpakani na Austria, tukateremka na mto mpaka Budapest.

Vienna na Budapest zimeandikwa mpaka basi. Mimi nataka kuisemea Passau, kwa sababu wengi wanaifanya stendi tu: wanashuka kwenye treni, wanaburuta masanduku hadi gatini, wanapewa juisi ya kukaribishwa, wanalala. Kwa maoni yangu huo ndio mji wenye mengi kuliko yote tuliyopita, na nusu siku inakutosha kama unajua unachokifuata.

Mji mkongwe umekaa kwenye ulimi mwembamba wa ardhi. Upande wa kaskazini unapita Donau, kusini unapita Inn, na kwenye ncha ya ulimi inakutana. Hapo hapo mto wa tatu, Ilz, mdogo na mpole, unaingia kutoka kaskazini. Kila mmoja umekuja na rangi yake. Inn unatoka milima ya Alps ukibeba unga wa mawe uliosagwa na barafu, kwa hiyo ni kijani kilichofifia. Donau una rangi ya udongo. Ilz unapita kwenye vinamasi vya Msitu wa Bavaria na maji yake ni meusi kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Ukisimama pale nchani unaweza usione vizuri, watu wengi wanarudi wakilalamika. Panda juu ngomeni, Veste Oberhaus, ng'ambo ya Donau. Msimu wa kiangazi kuna basi dogo linalotoka uwanja wa Rathaus, halmashauri yao, kwa hiyo magoti si kisingizio. Kutoka juu unaona mistari mitatu ya rangi ikienda bega kwa bega kwa kitambo kabla haijakubali kuchanganyika. Na kwa wastani wa mwaka Inn ndio unaoleta maji mengi zaidi, ila kuanzia hapo mto wote unaitwa Donau. Mambo ya umaarufu hayo.

Hiyo ngome ina kisa. Ilianzishwa mwaka 1219 na askofu wa Passau, ambaye enzi hizo alikuwa mtawala kamili: anatoza kodi, ana askari, anahukumu. Utajiri ulikuwa chumvi. Ilichimbwa kule upande wa Salzburg, ikateremshwa kwa mashua kwenye mto Salzach kisha Inn, ikashushwa Passau, na kutoka hapo ikabebwa na misafara ya wanyama kupita milimani hadi Bohemia, Czech ya leo. Njia hiyo waliiita Goldener Steig, Njia ya Dhahabu. Wafanyabiashara wa mjini wakaona wao wanahangaika na askofu anakula, wakaasi zaidi ya mara moja. Kwa hiyo ngome ilikuwa na kazi mbili, na mizinga yake ilijua pia njia ya kuelekea chini kwa raia wake mwenyewe. Utawala wa maaskofu uliisha mwaka 1803.

Ukishuka utashangaa mbona mji unafanana na Italia, rangi za krimu na waridi, matao, vichochoro. Sababu ni moto. Mwaka 1662 uliteketeza karibu mji wote, na kujenga upya wakaitwa mafundi wa Kiitaliano. Kanisa kuu la Mtakatifu Stefano lilisimamiwa na Carlo Lurago kuanzia 1668, na ukiangalia juu, yale mapambo meupe ya plasta yaliyojaa malaika na majani ni kazi ya Giovanni Battista Carlone. Ndani kuna kinanda chenye mabomba 17,974. Hakijakaa sehemu moja: ni vinanda vitano vilivyotawanywa kanisani, kimoja kikiwa juu ya dari, na mpigaji mmoja anaweza kuviongoza vyote kutoka meza moja. Kuanzia Mei hadi Oktoba kuna onyesho la saa sita mchana, siku za Jumapili na sikukuu hakuna. Tiketi ni bei ya kawaida. Mama yangu ni Mlutheri wa kwaya tangu utoto, alikaa kimya mpaka ilipofika sauti ya chini kabisa, ile ambayo unaisikia kwenye ubao wa benchi kabla ya sikio. Akanishika mkono akaniambia, "Hii ndiyo besi. Wale wetu wanapiga kelele."

Sasa maji. Ukitoka kanisani teremka kwenye Rathaus, ukutani upande wa mto utaona mistari yenye miaka pembeni. Ni alama za mafuriko. 1954 upo, mita 12.20. Wa 2002 upo. Juu ya hiyo upo mwaka 2013: tarehe 3 Juni, mita 12.89. Unaoupita ni mmoja tu, wa mwaka 1501. Hizo mita ni za kipimo cha mto, si kina cha maji barabarani, lakini Mama alinyoosha mwavuli wake wote na hakuufikia mstari wa 2013. Mji mkongwe wa chini wote ulizama, umeme ukakatwa, na wanafunzi wa chuo kikuu cha hapo ndio waliojipanga kupitia mitandao wakatoa tope majumbani mwa watu. Juni 2024 maji yalipanda tena, safari hii hayakufika huko, ila hali ya dharura ilitangazwa. Kwenye nyumba za karibu na mto angalia utaona maduka mengi yamepanga vitu vya thamani ghorofani.

Nimalizie na kitu ambacho waongoza watalii wa meli hawakukigusa kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1600 Passau ulikuwa na sifa ya hirizi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1611 mnyongaji wa mji alikuwa anawauzia askari vikaratasi vidogo vyenye michoro na maneno yasiyoeleweka. Askari anakimeza, basi risasi haimpati na panga halimkati. Vita vya Miaka Thelathini vilipoanza, jambo hilo lilienea Ujerumani nzima wakaliita "ufundi wa Passau". Karne tatu baadaye, mwaka 1905, Vita vya Maji Maji vilipoanza, maofisa wa Kijerumani waliandika kwa kejeli nyingi jinsi watu wa Kusini mwetu walivyoamini maji ya Kinjeketile kule Ngarambe. Ningependa kumwona mmoja wao akipelekwa Passau kwa babu zake. Nyumba ya mnyongaji bado ipo, sasa hivi ni ukumbi wa vichekesho.

Maswali karibuni.

mtoto_wa_Ujiji

Nimekaa mbele na karanga zangu. Mleta uzi umetisha.

Kisu Kikali

Mkuu umeandika vizuri lakini tuseme ukweli. Hela yote hiyo kukaa kwenye boti na wazungu wazee unaangalia kingo za mto? Unaamka unakula, unaangalia mti, unakula tena. Halafu si ndiko alikokulia Hitler huko?

Mzee wa Gati

@Kisu Kikali kuhusu wazee umesema kweli, mimi nilikuwa miongoni mwa vijana na mvi zangu hizi. Ila ndiyo maana Mama alifurahia: chumba kimoja, sanduku unafungua mara moja, miji inakufuata wewe. Kuhusu huyo jamaa, alizaliwa Braunau, Austria, juu kidogo ya huo huo mto Inn, mwaka 1889, na familia yao iliishi Passau kati ya 1892 na 1894 kwa sababu baba yake alikuwa mtu wa forodha. Aliondoka akiwa mtoto mdogo.

Sitaha ya Chini

Mimi nafanya kazi kwenye hizi meli, upande wa wahudumu, kampuni siitaji. Mleta uzi amesema vizuri, acha niongeze ya ndani maana mawakala wanauza ndoto.

Moja. Meli nyingi kubwa zina urefu wa mita 135 na upana wa mita 11.4. Si kwa urembo. Zile loki, yaani yale makabati ya maji yenye milango yanayopandisha na kushusha meli kwenye mabwawa, nyingi za mto Main na za mfereji unaouunganisha na Donau zina upana wa mita 12. Kwa hiyo meli inaingia ikiwa imebakiza kiganja kila upande. Ukiwa chumbani usiku ukasikia mkwaruzo na dirishani ukaona ukuta wa zege uliolowa, tulia, hatujagonga. Kwenye madaraja ya chini chumba cha nahodha kinazama ndani ya sitaha, kinashushwa kwa mitambo, na miavuli ya juu na vyuma vyote vinalazwa. Abiria wanafukuzwa kule juu. Wapo wanaokasirika wakati kichwa ni chao.

Mbili, na hii ndiyo kubwa. Mto ndio bosi. Kati ya Straubing na Vilshofen, juu ya Passau, kuna kipande cha kilomita kama 70 ambacho hakina bwawa. Mvua ikikosekana, maji yanakuwa haba na meli haipiti. Mafuriko yakija, mamlaka zinafunga mto na meli haipiti vilevile. Hapo abiria wanahamishwa kwa basi, wanakwenda kupanda meli nyingine iliyokwama upande wa pili, na abiria wa kule wanakuja kwetu. Sisi tunabadilisha mashuka ya meli nzima kwa mchana mmoja. Kwenye masharti madogo ya mkataba imeandikwa kwamba kampuni ina haki ya kubadilisha ratiba, kwa hiyo usitegemee kurudishiwa yote.

Anayekwenda safari ndefu ya Amsterdam hadi Budapest lazima apite kipande hicho. Pia atapita mfereji wa Main na Donau, ule uliokamilika 1992, kilomita 171, unaopanda mpaka mita 406 juu ya usawa wa bahari. Meli inapanda mlima kwa ngazi za maji, hiyo ni burudani tosha. Anayeanzia Passau kwenda Budapest anakwepa Straubing, ila Austria kwenye bonde la Wachau na chini ya Vienna mto pia unatiririka wenyewe bila bwawa, kwa hiyo hakuna dhamana ya asilimia mia.

Kabla hujalipa salio, angalia vipimo vya maji mtandaoni. Bavaria ina tovuti ya serikali inayoonyesha kila kituo. Tafuta Pfelling kwa maji haba na Passau kwa mafuriko. Mafuriko makubwa ya karibuni yalikuja Agosti 2002, Juni 2013 na Juni 2024. Ukame unasumbua zaidi kiangazi kikiisha.

Nyali Mkaazi

Salaam kutoka Mombasa. Ndugu Mzee wa Gati, shukran kwa uzi. Nataka nimpeleke bibi yangu, sote ni Waislamu. Chakula cha meli chaliwa? Na hiyo habari ya kutembea mjini na ngozi zetu hizi mpakani ikoje? Nasikia polisi wa huko hawana simile.

Sitaha ya Chini

@Nyali Mkaazi ndugu yangu, chakula lazima mseme wakati wa kufanya oda, si siku ya kupanda. Jikoni kwetu nguruwe yupo sana, hata supu inaweza kuwa na mchuzi wake. Ukisema mapema mpishi anakupangia samaki na mboga, na wapishi wengi ni waelewa. Ila nyama iliyochinjwa kwa taratibu zenu usiitarajie ndani ya meli. Mjini Passau maduka ya Waturuki yapo, muulize mwenye duka mwenyewe.

Kitu kingine. Passau na miji mingine meli zinafungwa ubavu kwa ubavu, mbili au hata tatu, kwa sababu gati ni chache. Ili utoke nje unapita katikati ya ukumbi wa meli ya jirani. Na dirisha lako linaweza kutazamana na dirisha la mtu mwingine umbali wa mkono. Mwambie bibi asifungue pazia la asubuhi kabla hajavaa.

Mzee wa Gati

@Nyali Mkaazi kuhusu polisi nitakuambia wazi. Tangu mwaka 2015, wakimbizi wengi walipoingia kupitia Passau, Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mpaka wake na Austria. Treni zinazotoka Vienna zinakaguliwa, na barabarani pia. Kwenye behewa letu walikuja vijana wawili, wakaangalia huku na huku, wakaja kwetu wa kwanza. Waliongea kwa adabu na dakika chache tukamaliza, lakini Mama aliniuliza kwa Kiswahili kwa nini yule bwana wa kiti cha mbele hakuulizwa. Nilikosa jibu la kumpa mbele za watu.

Kwa hiyo pasi mkononi muda wote. Sasa, meli nyingi mapokezi wanazichukua pasi na kuzihifadhi. Ukitaka kutoka, idai. Ni haki yako, wakikwambia haina haja waambie unaihitaji. Kadi ya chumba cha meli haimwambii polisi chochote.

Sauti ya Tatu

Mimi ni mwanakwaya na nimekwama kwenye mabomba 17,974. Je, mtu anaweza kupanda juu kukiona? Na onyesho ni la muda gani, maana nasikia meli zinatoa saa za kuhesabu.

Mzee wa Gati

@Sauti ya Tatu onyesho la mchana ni kama nusu saa. Watu wa meli zote wanaingia kwa wakati mmoja, foleni inazunguka uwanja, kwa hiyo wahi, na usikae mbele. Mpigaji yuko nyuma yako, juu, na sauti zinajibizana kutoka pembe zote. Katikati ndiko kutamu. Juu sikuona mtu wa kawaida akipanda. Kabla ya kwenda uliza kama kinapigwa siku hiyo, kwa sababu mitambo mikubwa hivi matengenezo hayaishi.

mtoto_wa_Ujiji

Kisu Kikali na wenzake wanaobeza meli za Wajerumani, kumbukeni Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika. Ilijengwa mwaka 1913 kwenye karakana ya Meyer, mji wa Papenburg, kando ya mto Ems, kaskazini-magharibi mwa huko huko Ujerumani. Wakaifungua vipande, wakavitia kwenye maelfu ya masanduku, vikaja Dar kwa bahari na Kigoma kwa reli. Ikaingia ziwani 1915 ikiitwa Graf Goetzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha isije ikachukuliwa, lakini mafundi walipaka mitambo grisi kwanza. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina tunalolijua. Babu yangu alisafiria hiyo kwenda Kasanga.

Karakana ile ile leo inaunda meli za kitalii za baharini, makubwa ya ghorofa na ghorofa, na zikikamilika zinateremshwa mto Ems kinyumenyume huku watu wamejaa kingoni wanatazama. Nikifika Ujerumani mimi naanza Papenburg, Passau baadaye.

Kisu Kikali

Haya hapo kwenye grisi umenikamata.

Msomi wa Jioni

Uzi mzuri. Kwa wanaochagua mto Rhein (Rhine) badala ya Donau, meli husimama Koblenz, pale mto Mosel unapoingia. Kwenye ncha kuna sanamu kubwa ya Kaisari Wilhelm wa Kwanza juu ya farasi, monumenti nzima ina mita 37. Ya kwanza iliwekwa 1897, ikapigwa na mizinga ya Wamarekani 1945, wakarudisha nyingine 1993. Waongozaji wanaeleza kuhusu kuunganishwa kwa Ujerumani na wanaishia hapo. Huyo ndiye aliyetia saini ile hati ya ulinzi ya tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya mkutano wa Berlin kufungwa, iliyoipa kampuni ya Carl Peters baraka juu ya ardhi za Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Nilimtajia mwongozaji wetu, mama mmoja mstaarabu sana. Akaandika kwenye kidaftari chake.

Dada Mpangaji

Mzee wa Gati, tunaoishi Dar tunaombaje viza? Safari ni ya Passau hadi Budapest, nikienda ubalozi wa Ujerumani watanipokea?

Mzee wa Gati

@Dada Mpangaji hapo ndipo wengi wanapokwama. Ujerumani, Austria, Slovakia na Hungary zote ni Schengen, viza moja inatosha. Lakini ombi linapelekwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na kwa njia hii mara nyingi Ujerumani haishindi. Unalala Passau usiku mmoja, Austria kadhaa, na wengine wanaongeza siku Budapest. Iombe kampuni barua yenye ratiba ya kila usiku meli inakuwa wapi, kisha uhesabu. Siku zikilingana, ndipo inaangaliwa nchi ya kuingilia kwanza.

Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari isipungue yuro 30,000. Ukichukua safari inayoendelea hadi Belgrade, Serbia haimo Schengen, kwa hiyo ukirudi juu unahesabiwa kuingia mara ya pili. Omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja.

Na ukipanga siku ya Passau usiiweke Jumapili. Maduka yanafungwa, kinanda hakipigwi mchana, na utabaki na bia na kengele.

Dada Mpangaji

Asante sana. Na choo mjini?

Mzee wa Gati

Sarafu. Tembea na sarafu za senti hamsini.